Kabla ya Kuikabidhi Serikali Data Yako, Weka Nakala

Juzi msomaji mmoja wa Kisauni aliniandikia hivi: "Dada, nimeambiwa nimsajili mamangu SHA, hii bima ya afya ya serikali. Tulipofika kwenye maswali ya nyumba, ukuta ni wa nini, choo ni cha aina gani, mwapikia nini, mama akaniambia funga simu. Ati serikali yataka kujua choo chake cha nini? Nimekosa la kumjibu. Wewe ungeiamini?"

Nimekaa na ujumbe huu kwa sababu ni swali ninaloulizwa karibu kila siku. Nina saiba, duka la huduma za mtandao, hapa Majengo, Mombasa. Watu huja na vitambulisho mkononi: huyu ataka pasipoti, huyu cheti cha tabia njema, huyu PIN ya KRA, watu wa kodi, huyu amesahau nenosiri la eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na interview ni kesho. Data ya watu naiona inavyotoka kwa mwenyewe na kuingia huko inakoenda. Kwa hivyo nitasema wazi. Siiamini serikali na data yangu. Siiamini iliyopita, siiamini hii, na itakayokuja sitaiamini. Lakini mamangu mzazi nimemsajili SHA kwa mikono yangu mwenyewe, na mambo hayo mawili hayapingani. Ili nieleweke lazima nianze na yaliyonipata mwaka 2021, kwa sababu kidonda chake bado ninacho.

Juni 2021 Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa ilifungua njia ya mtu kujitazama kwenye eCitizen kama ameandikishwa chama chochote. Habari zikazagaa WhatsApp jioni moja, na asubuhi yake saiba ikajaa mpaka mlangoni. Alikuja mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unajua hajashika kadi ya chama tangu enzi za KANU. Akajikuta mwanachama. Akaja kijana wa tuktuk akajikuta mwanachama wa chama ambacho jina lake hakuwahi kulisikia. Mama mmoja alipoona jina lake alicheka sana, halafu akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mumewe akiingia atayaona hayo. Nchi nzima watu walikuwa wakilalamika siku hizo, na Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu aapishwe Novemba 2020.

Watu walipopungua nikaingiza nambari yangu.

Nilikuwemo. Majina yangu yote matatu, na chama ambacho sijakipigia kura, sijahudhuria mkutano wake, wala ofisi yake siijui iko mtaa gani. Sitakitaja hapa. Nilijiona kama mwanamke aliyevuliwa mtandio katikati ya barabara: hakuna kilichoibiwa, lakini mtu amenigusa bila ruhusa na wapita njia wameona. Na palikuwa na jambo lingine ambalo wateja wangu hawakulijua. Wakati ule nilikuwa nimeomba kazi ya muda, kazi nzuri, na sharti lake la kwanza lilikuwa mwombaji asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa. Nilikuwa nimetia sahihi kwamba si mwanachama. Sasa mtandao wa serikali ulikuwa ukisema mimi ni mwongo.

Nilipiga simu, nikaandika, nikapiga tena. Siku moja ofisa wa chama kile akanipigia mwenyewe, kwa upole kabisa.

"Dada, mbona wajisumbua? Pale kwenye mtandao pana mahali pa kujiuzulu. Bonyeza tu, mambo yaishe."

Nikamwuliza, "Ndugu yangu, nijiuzulu vipi mahali nisipoingia?"

Akanyamaza, halafu akasema kila mtu anafanya hivyo. Kweli, wengi walifanya hivyo. Nilikuwa nimewasaidia wateja kadhaa kubonyeza na wakaondoka wameridhika. Siwalaumu, kila mtu na shughuli zake. Lakini mimi sikubonyeza. Kujiuzulu ni kukiri kwamba ulikuwemo. Kumbukumbu ingesema niliingia tarehe fulani na kutoka tarehe fulani, na sahihi yangu kwenye fomu ya kazi ingebaki uwongo milele. Nilitaka iandikwe kwamba sikuwahi kuwa mwanachama, na niliyoyataka nilitaka niyapate kwa karatasi.

Basi nikaandika barua. Nilitaka kuona fomu yenye sahihi yangu, tarehe niliyojiandikisha, jina la aliyeniandikisha, na mahali walipoipata nambari yangu ya kitambulisho. Nikataja Katiba ya 2010, kifungu cha 31, kinachosema taarifa za mtu za faragha zisitakwe wala zisifichuliwe bila sababu. Nikataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, kinachompa mwenye data haki ya kuambiwa inatumiwaje, kuiona, kupinga matumizi yake, kusahihisha iliyo na makosa na kufuta ya uwongo. Nakala moja nikaipeleka kwa Kamishna wa Data pamoja na malalamiko rasmi. Nakala nyingine nikaiweka kwenye faili.

Miezi iliyofuata sitawachosha nayo. Ni ya kufuatilia, na kufuatilia hakuna hadithi. Mwishowe barua ikaja: jina langu limeondolewa, na chama hakina fomu yoyote yenye sahihi yangu. Sentensi hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Barua ile iko kwenye plastiki, na naionyesha kwa fahari kwa yeyote anayeingia saiba akisema mtu mdogo hawezi kitu. Kazi niliyoiomba ilikwisha kupita. Sikuambiwa sababu, na hilo bado linaniuma.

Najua utakaloniambia: hicho ni chama, si serikali. Nimeambiwa hivyo na mume wangu, na dadangu, na wakili mmoja anayekuja kutoa kopi kwangu. Lakini daftari lililokuwa na jina langu lilikuwa la ofisi ya umma. Ofisa aliyenipigia kwa upole, chama chake kikishinda, kesho ni mkurugenzi wa shirika la serikali au msaidizi wa waziri, na atakuwa ni mtu yule yule. Na nambari yangu waliitoa wapi? Fikiria umewahi kuiandika mahali pangapi: kitabu cha bawabu kila ukiingia jengo la ofisi mjini, daftari la wakala wa M-Pesa, fomu ya chama cha akina mama, karatasi ya mkutano uliolipwa nauli. Sheria ndiyo inayotulazimisha kubeba nambari hiyo, halafu tukaachwa tuimwage kila mlango. Mwenye kutulazimisha ana wajibu wa kutulinda.

Serikali, hata ikiwa na watu wema, hubadilika. Data uliyoitoa haibadiliki, na wewe huwezi kubadilisha alama za vidole. Wazee wetu walilijua hili mapema. Mkoloni alitunga sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akalazimishwa kubeba kipande: alama za vidole, mwajiri wake, mshahara wake, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Kilielezwa kuwa cha kupanga kazi, kikawa cha kumzuia mtu asiondoke kwa tajiri mbaya. Rwanda nako Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Walioandikwa hawakuwa na habari kwamba miaka 60 baadaye, mwaka 1994, wajukuu wao wangesimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuulizwa kitambulisho, na mstari ule mmoja uamue nani anavuka.

Wala tusiende mbali. Kaskazini mwa nchi hii, upande wa Garissa, kuna Wakenya wenye asili ya Kisomali ambao njaa iliwabana, wakaandikishwa kwenye kambi za wakimbizi ili wapate chakula. Wengi walikuwa watoto, wazazi ndio waliowapeleka. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho wakaambiwa alama zao za vidole ni za wakimbizi. Ni maelfu ya watu, wamezaliwa hapa, wazazi wao wana vitambulisho vya Kenya, lakini wao hawafungui akaunti ya benki, hawasajili laini ya simu, hawapati kazi. Kidole kilichotolewa kwa ajili ya unga kikawafungia nchi yao wenyewe. Aliyekichukua kidole kile hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana nakataa mtu anaponiambia tuangalie nia.

Tuangalie sheria, na tuangalie nani anaweza kuishurutisha serikali iifuate. Mwaka 2019, Aprili na Mei, tulipangishwa foleni za Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja. Nakumbuka machifu, nakumbuka uvumi kwamba usipojiandikisha hutapata hata matibabu. Fomu iliuliza wazazi, ndoa, elimu, kazi, hata kilimo. Sheria iliyoanzisha mpango ule ilikuwa imeruhusu kuchukua DNA na mahali halisi unapoishi kwa setilaiti, na iliingizwa ndani ya mswada wa marekebisho mchanganyiko mwaka 2018, wakati wengi wetu hatuna habari. Wakati huo nchi haikuwa na sheria yoyote ya kulinda data. Tulichukuliwa vidole kwanza, sheria ikaja Novemba baada ya watu milioni zaidi ya 36 kuwa wameshaandikishwa.

Nani alisimama? Hakuwa mbunge wangu. Ni Nubian Rights Forum, watu wa jamii ya Wanubi ambao wamekuwa wakipigwa msasa kila wanapoomba kitambulisho tangu zamani na wanajua uchungu wa daftari la serikali. Walikwenda Mahakama Kuu pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Kenya Human Rights Commission. Siku moja kabla ya usajili kuanza, mahakama ikaamuru kwamba hakuna atakayelazimishwa, hakuna atakayenyimwa huduma, na DNA isichukuliwe. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu, Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir, wakasema DNA na setilaiti ni kinyume cha Katiba, na mpango usiendelee bila mfumo kamili wa kisheria. Serikali ikaanza kutoa kadi Novemba 2020. Profesa Yash Pal Ghai, msomi wa Katiba, na shirika la Katiba Institute wakaenda mahakamani, na Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba utoaji wa kadi zile ulikuwa batili, kwa sababu serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari kwa data za watu kama sheria yake yenyewe inavyotaka.

Niliposoma hukumu ile nilikuwa katikati ya vita vyangu na chama kile, na nilipata nguvu. Profesa Ghai, mzee wa zaidi ya miaka 80, anaishtaki serikali kwa ajili ya tathmini ambayo haikuandikwa! Nikasema na mimi nikae na barua zangu.

Sasa mko mnaosema haya ni ya wanaharakati, ninyi mnatafuta maisha. Ninyi ndio ninaowaandikia. Wewe unayesoma hapa wataka zabuni ya kaunti, wataka mkopo, wataka viza ya Qatar au Saudia, wataka biashara yako ikue. Kila mlango kati ya hiyo unafunguliwa kwa data yako, na data yako ikiwa na doa mlango haufunguki na huambiwi kwa nini. Msichana mmoja alikuja kwangu tiketi ya Doha iko tayari, cheti cha kuzaliwa kinasema herufi moja, kitambulisho kinasema nyingine. Herufi moja tu. Wakala alimpa nafasi yake mtu mwingine.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na nitaurudia mpaka mchoke. Kabla hujatoa data yako, uliza ni ya nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza, hata kama nyuma yako pana foleni na watu wanaguna. Ukishatoa, weka nakala ya ulichotoa: fomu, risiti, ujumbe wa simu, picha ya skrini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na data yako ni mali. Ukiona kosa, andika barua. Usiende kumwona mtu unayemjua, andika, maana mtu unayemjua atahamishwa lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa itabaki. Ukiomba kuona data waliyonayo juu yako, kanuni zinawapa siku 7 kukujibu. Wasipojibu, malalamiko kwa Kamishna wa Data ni bure, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90. Halafu weka nakala ya malalamiko hayo pia.

Na wewe wa Kisauni, mwambie mama ukweli. Yale maswali ya ukuta na choo yanatumiwa kukadiria uwezo wa nyumba ya mtu asiye na mshahara, ili wajue atozwe kiasi gani, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ana haki ya kuelezwa hivyo kabla ya kujibu. Msajili, kwa sababu siku akilazwa hospitali hawataulizia msimamo wake. Lakini keti naye, msomee swali moja moja kwa lugha anayoielewa, ajibu mwenyewe. Nambari ya simu iwe yake, isiwe ya jirani wala ya mwenye saiba, maana nambari ya siri ya kuthibitisha itakwenda kwenye simu hiyo, na mwenye simu ndiye mwenye akaunti. Mamangu nilimfanyia hivyo. Alipofika kwenye choo alikasirika kama wako, nikamweleza, akajibu. Picha za skrini ninazo zote.

Wapo wanaonipinga kwa mfano wa Estonia, wakisema kule serikali ina kila kitu na watu wanalala. Ni kweli, na ninaipenda Estonia kwa sababu moja. Kule raia huingia kwenye mtandao akaona ni ofisi gani imefungua data yake na lini. Polisi akichungulia faili la jirani yake bila kazi, alama inabaki. Hapa kwetu mtandao wa eCitizen ulivamiwa Julai 2023, huduma zikakwama nchi nzima, mimi mwenyewe nilifunga saiba mchana kweupe. Waziri akatangaza kwamba hakuna data iliyopotea. Labda. Lakini mimi raia sina mahali pa kutazama nikahakikisha, nina tangazo la waziri tu. Nipeni dirisha kama la Estonia, nione nani amenifungua, ndipo tuzungumze habari ya kuaminiana.

Ndugu zangu, tusilale. Sheria ya Ulinzi wa Data tuliyo nayo ni nzuri lakini ina mlango wa nyuma. Kifungu cha 51 kinaiondolea serikali masharti pale inapotaja usalama wa taifa au maslahi ya umma, na maneno hayo yanaweza kunyooshwa yakafunika chochote. Tena wamejaribu kuupanua. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukiongeza kifungu hicho ili data yako isilindwe pale inapotakiwa kwa ajili ya kodi. Watu wengi walikumbuka kodi ya mkate na mafuta ya kupikia tu, lakini hilo nalo lilikuwemo, na lilianguka pamoja na mswada wote vijana walipotoka barabarani mwezi Juni, wengine wasirudi nyumbani. Mwaka uliofuata likarudi kwa sura nyingine: Mswada wa Fedha wa 2025 ulitaka kufuta kipengele cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinachoizuia KRA kuwalazimisha wafanyabiashara watoe data binafsi za wateja wao. Fikiria saiba yangu, kila kitambulisho kilichopita kwenye mashine yangu. Niliandika maoni yangu kwa Bunge, nikawaandikisha na wateja wangu, wengine wakaandika kwa kalamu kwenye karatasi nami nikaskani. Kamati ya Fedha ikakiondoa kipengele hicho. Sisemi ni sisi wa Majengo, walioandika walikuwa wengi, lakini nakala zetu ninazo.

Mswada wa Fedha lazima ufike Bungeni ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na tangazo la kukaribisha maoni hutoka gazetini na kwenye mtandao wa Bunge likiwa na anwani ya karani. Ukitoka, usianze na bei ya mafuta. Tafuta kwanza palipotajwa Sheria ya Ulinzi wa Data, sura ya 411C, na Sheria ya Taratibu za Kodi, soma wanataka kufuta nini, kisha uandike. Anayeshindwa kuandika aje saiba, sitamtoza kitu.